Glasi ya Kupimia Njugu

Kidole gumba cha Fundi kilikuwa kigumu kama ukwato wa punda. Ni kisu cha kukatia tairi kilichokifanya hivyo. Alikuwa akitengeneza akala, vile viatu vya tairi, pale soko la Kariokor, meza yake ikitazamana na yangu ya njugu, na ukimwona anavyouvuta ule mpira mweusi ungesema mkono huo hauwezi kushika yai. Lakini jioni, kabla hajafunga kazi, angefungua kitambaa, atoe kibakuli cha glasi cha rangi ya asali, akizungushe kwenye mwanga, halafu apitishe kidole hicho ubavuni polepole, macho ameyafumba, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.

"Huu hapa," angesema. "Mshono."

Nilijuana naye miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu. Mimi majina ya watu hayanipotei. Naweza kukutajia safu yetu yote ya sokoni, aliyekuwa wapi na aliuza nini, na jina la Fundi ninalo pia. Ila pale hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mke wake, Mungu amrehemu, alimwita Fundi, na mimi sitakuwa wa kwanza kubadilisha.

Alikusanya glasi za kale za rangi. Sisemi glasi hizi za kunywea maji. Vilikuwa vibakuli vya sukari, visahani, vikopo vya kuweka maua, na kila kimoja kina michoro imesimama kwa nje, majani, vijimbegu, vialmasi, ukigusa unaisikia. Nyingine za bluu, nyingine za kijani, nyingine za manjano ya asali. Alisema zilitoka Uingereza enzi za yule malkia wao wa zamani aliyetawala mpaka akazeekea kitini, kabla reli haijafika Nairobi, wakati hapa petu ni matope na vyura. Wazungu walikuja nazo ndani ya masanduku. Walipoondoka, nyingine walibeba, nyingine waliwaachia wapishi na watunza bustani.

Mpishi mmoja, Odhiambo wa mtaa wa Ziwani, ndiye aliyemwanzishia ugonjwa huo. Odhiambo alikuwa ameachiwa kibakuli cha asali na mama wa kizungu aliyemwajiri, na hakujua akifanyie nini. Siku alipokuja kupimwa akala, akakitoa mfukoni, akakiweka katikati ya vipande vya tairi.

"Fundi, chukua hiki. Kwangu kinakaa tu kama mgeni asiyekula."

Fundi akakishika. Kidole kikapita ubavuni, kikasimama. Akala za Odhiambo siku hiyo hazikuisha.

Nilimuuliza baadaye ni nini kilichomshika hivyo, mtu wa tairi na vitu vya mezani kwa wazungu. Akaniuliza naye, "Wewe, Mama Njugu, unadhani tairi hutengenezwaje?"

"Si kwa mpira."

"Mpira unatiwa ndani ya chuma chenye umbo, ukiwa moto, unabonyezwa. Chuma kikifunguliwa, pale vipande vyake vilipokutana panabaki mstari. Glasi hizi nazo ni vivyo hivyo. Glasi ilimwagwa ndani ya chuma ikiwa moto kama uji, ikabonyezwa, ikatoka na maua yake tayari. Hakuna mtu aliyekaa akachonga ua moja moja. Wenye pesa ndio walionunua za kuchongwa. Hizi zilikuwa za watu kama mimi na wewe, waliotaka kitu kizuri dirishani."

"Kwa hiyo unakusanya vyombo vya maskini wa Uingereza."

"Maskini wa Uingereza na tairi la lori," akasema. "Hao ndio ukoo wangu."

Alizibeba glasi zake ndani ya mpira wa ndani wa gurudumu, ile tyubu. Alikata kipande, akakifunga upande mmoja, akatumbukiza glasi, akafunga upande wa pili kama soseji. Hata ukiiangusha inaruka, haipasuki. Chumbani kwake Ziwani alikuwa amezipanga kwenye rafu mbele ya dirisha la mashariki, na ukifika asubuhi unakuta sakafu ya saruji ina madoa ya rangi, bluu, kijani, asali, unaogopa kukanyaga. Kuziosha alikuwa na sheria zake. Maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto, kitambaa kilichochakaa, na mtu akitaja waya wa kusugulia sufuria mbele yake anafukuzwa kama mwizi.

Alikuwa mkali. Usifikiri nakuchorea malaika. Mteja akilalamika akala inambana, Fundi alimwambia, "Kiatu hakina makosa, mguu wako ndio umekaa vibaya." Vijana walikuja na simu zao kumpiga picha. Kijana mmoja alisimama akasema, "Niaje Fundi, hiyo ya blue ni how much?"

"Viatu ndivyo vinauzwa. Hiyo inakutazama tu."

"Buda, nakupea pesa poa, nampelekea mathe."

"Mpelekee mama yako akala. Atatembea."

Mtu huyo huyo mkali, siku binti wa jirani alipoingia chumbani kwake kuchukua ufagio na kiwiko kikapiga rafu, kibakuli cha bluu kikaanguka kikawa vigae, sisi wa sokoni tuliokuwa tumemtembelea tulisikia kilio tukiwa nje tukajua leo atauawa mtoto. Tulipofika, tulikuta Fundi amempa soda, mwenyewe amepiga magoti anaokota vigae, anamwambia, "Nyamaza. Kitu kisichovunjika hakuna anayekitunza. Ungekuwa wewe ni wa plastiki ningekuwa na haja ya kukuuliza kama umejikata?" Vigae vile alivipanga kwenye udongo wa chungu cha sukuma wiki yake, na miaka mingi baadaye vilikuwa bado vinang'aa pale.

Sasa nisimulie habari ya glasi yangu, maana bila hiyo huwezi kumwelewa.

Meza ya njugu sikuianzisha mimi. Niliachiwa na Nyambura aliporudi kwao Murang'a. Na safu yetu ilikuwa na desturi: mtu akiondoka huacha mahali, wateja, na kipimo. Mama wa maharagwe huacha debe lake, mama wa viungo huacha kijiko chake. Wateja hawajui uzito, wanajua chombo. Chombo hicho mikono yao imekizoea, na ukikibadilisha wanajua umewaibia hata kama hujawaibia. Nyambura aliniambia, "Dada, mahali huenda na kipimo chake. Ukiondoka wewe, utaacha hivyo hivyo."

Kipimo chenyewe kilikuwa glasi nene, ndogo, haionyeshi ndani. Rangi yake sijaiona kwingine. Ni zambarau iliyokorogwa na maziwa, mawimbi meupe yanazunguka kwenye zambarau kama chai ambayo bado hujaikoroga vizuri. Nje ina mistari inayoshuka kama mabua. Nilikuwa nachota njugu, nasawazisha, namimina kwenye karatasi niliyoisokota, basi. Sikuwahi kuitazama mara mbili.

Siku yangu ya kwanza mezani, Fundi alivuka njia akaja kununua. Nikamjazia. Nikataka kumwongezea kidogo juu, ile nyongeza ambayo kila muuzaji humpa mteja mpya ili arudi. Akaniwekea kiganja juu ya karatasi.

"Kipimo ni kipimo," akasema.

Mtu gani anakataa nyongeza? Nikadhani ni mlokole. Halafu akaniomba aishike glasi. Akapitisha kidole, akaigeuza, akatazama chini ya kitako chake kwa muda mrefu mpaka nikaona haya.

"Ninaye pacha wake," akaniambia. "Nyumbani. Zilitoka kwenye chuma kimoja."

Kesho yake alikuja naye, amefungwa kwenye tyubu. Akaziweka pamoja mezani pangu na kweli, mabua kwa mabua, ni mawimbi ya maziwa tu yaliyotofautiana, maana maziwa hayawezi kubonyezwa. Akachukua njugu zilizojaa kwenye yangu akazimimina kwenye yake. Ikajaa sawasawa. Hakuna njugu iliyobaki, hakuna nafasi iliyobaki wazi. Nilicheka kwa mshangao. Yeye hakucheka.

Alinieleza kwamba vikopo hivyo vilitengenezwa kuwekea karatasi zilizosokotwa, za kuchukulia moto jikoni na kuwashia taa au kiko. Na kwamba viliuzwa viwili viwili, kimoja huku, kimoja kule, meko katikati. Nikamwonyesha rundo langu la karatasi nilizosokota.

"Basi chako kimestaafu. Hiki changu bado kiko kazini."

"Niuzie."

"Haiuzwi, Fundi. Ni ya mahali."

"Nibadilishie na yoyote uipendayo kwenye rafu yangu."

"Si unataka ziwe pamoja? Lete yako, zikae pamoja hapa."

Akaifunga yake kwenye tyubu, akaondoka bila kuniaga.

Tangu hapo kila jioni alinunua njugu. Kila jioni alikataa nyongeza. Nilikuja kujua kwamba hakuwa anazila, meno yake yalikuwa yameoza. Aliwapa wasukuma mikokoteni pale kwenye kona. Alikuja kuiona glasi ikijazwa. Na alikuja kuniomba, kwa maneno au kwa kukaa kimya, na mimi nilimkatalia kwa maneno au kwa kukaa kimya. Tulizoeana hivyo. Nikiumwa nisifike, kesho yake angeniuliza, "Imelala wapi?" Glasi, si mimi.

Alikuwa na majivuno pia, na majivuno yalimpata. Siku moja alifika sokoni mapema, anatembea kama bwana harusi. Alikuwa amepata kikombe cha kijani huko mtaa wa Lucky Summer kwa mtu aliyekuwa anahama. Akakipitisha meza kwa meza, akitueleza miaka yake, akitushikisha mshono. Mwende, aliyeuza vyombo vya plastiki, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama chini ya meza yake, akatoa katoni mpya, akafungua. Vikombe vya kijani, vile vile, vimejaa mpaka juu.

"Fundi, malkia wako amefungua duka la jumla?"

Soko lilicheka mpaka jioni. Hata mimi. Tulijua atakitupa kikombe hicho. Hakukitupa. Alikiweka mbele kabisa ya rafu yake, mbele ya vile vya asali. Nilipomuuliza akasema, "Huyu ndiye aliyenifundisha kunyamaza." Na kwa kweli, baada ya hapo, mtu akimletea glasi, alisema tu, "Nafikiri." Hakusema tena, "Najua."

Jaribio lake kubwa kuliko yote nililikubali mwenyewe. Aliniambia, "Nikikutengenezea kipimo kingine kinachojaa sawa kabisa, utanipa hicho?" Nikamwambia, wateja wakikubali, nitakupa. Akaketi na kisu chake wiki nzima, akachonga kikombe kwa tairi. Kazi nzuri, ungesema kimezaliwa hivyo. Tukakipima, kikawa sawa. Nikaanza kuuzia. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Barasa, askari wa lango la godauni, mtu wa kununua kila siku akielekea kazini. Akatia njugu mdomoni, akatafuna, akasimama.

"Mama Njugu, leo umechemsha puncture?"

Basi, tairi likashindwa. Fundi akaenda kwa mafundi wa bati, wakamkunjia kikombe cha bati kinachojaa vile vile. Hicho hakikunuka. Lakini Barasa alikitazama kama nyoka.

"Hii ya bati ina tumbo dogo."

"Baba, tazama." Nikajaza ya zamani, nikamimina kwenye bati mbele ya macho yake. Ikajaa, sawa. Nikarudisha. Sawa.

"Nimeona," akasema Barasa. "Macho yamekubali. Mkono umekataa."

Siku hiyo wateja wanne wazuri walienda kununua kwingine. Jioni nikarudisha glasi ya zambarau mezani, na Fundi, aliyekuwa amesimama upande wa pili anatazama, hakuvuka njia. Kesho yake akavuka, akanunua, akakataa nyongeza, kama kawaida.

Sijawahi kumsikia akinilaumu. Hilo nalo niliweke hapa. Mtu aliyeweza kumfukuza mteja kwa neno moja, kwangu hakuwahi kusema, "Una roho ngumu, mama." Alijua desturi ya safu. Alitaka tu desturi imsahau siku moja.

Macho yake yalianza kuharibika kabla magoti yangu hayajaharibika. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alimwambia kilichoondoka hakirudi. Alikata akala mbili zote za mguu wa kushoto, akacheka, mwezi uliofuata akakata tena, hakucheka. Akakunja meza. Mimi nilibaki naitazama nafasi yake tupu misimu miwili, mpaka magoti nayo yakaniambia basi. Binti yangu Njeri akasema nihamie kwake Tassia. Meza nikamwachia Akoth, mwanamke mchangamfu aliyekuwa akinisaidia kukaanga. Mahali, wateja, na kipimo.

Lakini nilijua kuna mtu ambaye tangu siku yangu ya kwanza alikuwa akisubiri niondoke. Sikutaka asikie kwa watu. Kabla ya kuhama nilifunga njugu kidogo kwenye mfuko wa kitambaa, nikachukua bakora yangu, nikaenda Ziwani asubuhi, saa ambayo sakafu ina rangi.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kitandani, amenyoosha shingo.

"Hodi, Fundi."

"Karibu. Harufu imefika kabla yako."

Nikaketi. Rangi zilikuwa miguuni pake, amevaa akala zake mwenyewe, na doa la bluu limemkalia juu ya kidole, hajui. Tukaulizana habari za nyumbani. Kisha nikasema, maana ukichelewesha neno kama hilo linakuwa zito, "Fundi, nimeacha soko. Glasi imebaki na Akoth. Haikuwa yangu kukupa."

 Nilisikia redio ya jirani na maji yakimwagika kwenye karai. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, hata kwa machozi, mtu mzee. Akatikisa kichwa.

"Nyambura aliniambia hivyo hivyo."

"Nyambura? Ulimwomba Nyambura?"

"Miaka yote aliyouza. Alipoondoka nikasema, ngoja huyu mgeni. Huyu anaonekana mpole, hatakuwa na msimamo." Akacheka bila meno. "Ukakaa kuliko yeye!"

Nilicheka mpaka nikashika magoti. Yeye akainuka, akaenda kwenye rafu bila kupapasa, mkono ukaipita ya asali, ukaipita ya kijani, ukarudi na pacha. Akanipa.

"Bado unaiona rangi?"

"Naiona."

"Iko vipi?"

"Ni zambarau, na maziwa yanapanda huku upande mmoja, halafu yanapinda. Hapa juu yamekuwa meupe karibu yote. Yangu haikuwa hivi hapa."

"Sikulikumbuka hilo la juu," akasema. "Mimi nimebaki na mshono tu. Huko Tassia utauza?"

"Na magoti haya? Labda kidogo, langoni kwa Njeri. Watoto wa ghorofa wanapenda njugu."

"Utapimia nini?"

"Kikombe chochote."

Akasonya. "Kikombe chochote! Watu hawakujui, hujui mtu, halafu unaanza na kikombe chochote. Nenda na hiyo. Inajaa sawa na ile. Uliona mwenyewe."

"Fundi, zilikuwa ziwe mbili pamoja. Umesubiri muda wote huu."

"Nani atazitazama zikiwa mbili?" Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekueleza njia. "Moja Kariokor, moja Tassia, katikati meko. Ziko mahali pake."

"Na wewe utabaki na nini hapo mbele?"

Akanyoosha mkono, akagusa kikombe cha kijani, kile cha katoni. "Ninaye mwalimu wangu. Huyu hata akivunjika, Mwende anao wengine."

 Mimi ni mtu wa kuuza, mkono wangu hutafuta kazi. Nikafungua mfuko wangu, nikachota njugu kwa pacha, nikasawazisha kwa kidole. Nikachana ukurasa wa gazeti lake kuukuu, nikausokota, nikamwekea kiganjani, nikamimina. Nikasubiri aweke ule mkono wake juu, anizuie, kama alivyofanya jioni zote.

Mkono haukuja. Aliishika karatasi wazi mbele yangu.

"Mbona hufungi, Fundi?"

"Ongeza, Mama Njugu," akasema.

Nikaongeza.